Mteja kalipa, hela imeingia, lakini oda imeganda "Inasubiri malipo". Kosa liko wapi?

#1 Bi Viungo
Wakuu habari za jioni. Nina duka la mtandaoni la viungo na vikapu vya mkonge, nipo Ngamiani hapa Tanga. Iliki, mdalasini na pilipili manga nachukua kwa wakulima wa Amani na Muheza, vikapu nasukiwa na akina mama wa Makorora. Duka limejengwa kwa WordPress na WooCommerce, programu za kutengenezea tovuti na duka. Malipo yanapita kwa kampuni moja inayounganisha mitandao yote ya simu, na plagini (kiprogramu cha nyongeza) ya kuunganisha aliniandikia kijana mmoja ambaye sasa kahamia Dodoma, kupokea simu kwake ni kwa msimu.

Mteja anachagua "Lipa kwa simu", anaweka namba, dirisha la PIN linamtokea, analipa, ujumbe wa mtandao anaupata. Nikifungua akaunti yangu kwa ile kampuni, hela naiona. Dukani sasa, oda imeganda palepale "Inasubiri malipo", na baadaye inajifuta yenyewe! Mteja anaandikiwa barua pepe kwamba oda yake imefutwa huku hela yake ninayo mimi. Juzi mama mmoja wa Arusha kaniita tapeli kwenye kundi la WhatsApp lenye wateja wangu karibu wote.

Si oda zote, nyingi zinapita vizuri. Zinazoganda zaidi ni za jioni na usiku. Kampuni ya malipo wanasema kwao kuko sawa. Watu wa hostingi, ninakopangisha nafasi ya tovuti, nao wanasema kwao kuko sawa. Nani ananidanganya?

#2 Fundi Seva
Dada, hakuna anayekudanganya, kila mmoja anatazama upande wake. Malipo ya namna hii yana safari mbili. Ya kwanza, duka lako linaiambia kampuni: mtoze fulani shilingi kadhaa kwa oda namba fulani. Kampuni inajibu hapohapo "nimepokea", na hilo si jibu la malipo, ni jibu kwamba ombi limefika. Mteja ndiyo kwanza anatafuta simu ilipo, anavaa miwani, anakumbuka PIN. Akishalipa, kampuni inaanza safari ya pili: inakuja kupiga hodi kwenye seva yako, kwa anwani uliyowapa, kusema oda fulani imelipwa, muamala namba hii hapa. Hiyo ndiyo kolbeki. Hela inaingia kwako hata kolbeki isipofika. Asiyejua ni duka.

Sasa watu wa hostingi usiwaulize kama kuko sawa. Waombe logi, yaani kumbukumbu, ya maombi yote yaliyokuja kwenye anwani ya kolbeki siku ambayo oda iliganda. Kama ilifika, tazama namba ya jibu pembeni: 200 (limepokelewa), 403 (limekataliwa), 404 (anwani haipo) au 500 (seva imekosea). Kama haikufika kabisa, hapo ndipo uwarudie kampuni.

#3 Mzee wa Kahawa
Mimi nina duka barabara ya kumi na nne, lipa namba nimeibandika ukutani kwa gundi. Mteja analipa, simu inalia, mzigo anabeba. Kolbeki yangu ni haya macho mawili. Endeleeni.

#4 Jiwe la Pongwe
Kosa ni namba ya simu. Mteja anaandika 07, kampuni inataka 255, plagini inajichanganya. Halafu plagini nyingi zinakisia mtandao kwa tarakimu za mwanzo, 075 wa huku, 071 wa kule. Tangu 2017 mtu anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo kukisia huko ni kubahatisha. Mwambie kijana asafishe namba: aondoe nafasi, alama ya kujumlisha na sifuri ya mbele, ndipo aweke 255.

#5 Dada wa Hesabu
Jiwe, hilo la kuhama na namba ni kweli, na kusafisha namba afanye. Lakini soma uzi vizuri. Dirisha la PIN limemtokea mteja na hela imekatwa. Namba ingekuwa mbovu, hata dirisha asingeliona. Atakayeleta maelezo hapa ajibu mambo mawili: kwa nini hela inaingia, na kwa nini si oda zote.

#6 Kijana wa Kange
Bi Viungo achana na hao wa kati, makato ya nini? Unganisha M-Pesa moja kwa moja. Video za Daraja zimejaa YouTube, unapewa namba ya majaribio 174379, msimbo wote upo, unanakili tu. Nilijaribu nyumbani ikakubali.

#7 Fundi Seva
Kange mdogo wangu, Daraja ni ya Safaricom, Kenya. Jina M-Pesa ni moja, ilianza kule 2007 na huku ikaja 2008 kupitia Vodacom, ila mlango wa kuingilia ni tofauti kabisa. 174379 ni namba ya majaribio ya Kenya, na simu zake zinaanza na 254. Wa Vodacom wa huku una utaratibu wake: unapewa ufunguo, unaufumba kwa ufunguo wao wa umma, unapata kitambulisho cha kikao chenye muda wake wa kuisha, ndipo unaomba malipo. Jibu zuri linakuja limeandikwa INS-0. Ukipeleka msimbo wa Daraja pale hujibiwi hata salamu.

Na hata ukifanikiwa, umepata mtandao mmoja. Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa, kila mmoja umfuate kivyake, mkataba wake, nyaraka zake, kolbeki yake. Watu wanalipia wa kati kwa sababu hiyo, si ujinga.

#8 Kijana wa Kange
Ahsante mkuu. Ila ilikubali kweli, niliona "Success".

#9 Mgosi wa Chumbageni
Ya majaribio inakubali kila kitu. Hata ukilipa kwa jina la babu yako inakubali.

#10 Bi Viungo
Nimeletewa logi. Mistari ni hii, ya kwanza na ya tatu ni oda zilizoganda, ya katikati ilipita:

16:42:07 POST /kolbeki-malipo 403
16:58:31 POST /kolbeki-malipo 200
17:20:55 POST /kolbeki-malipo 403

Hapa ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mteja wa oda ya kwanza amelipa saa moja na dakika 42 usiku, ujumbe wake kanitumia, ninao. Logi inasema saa kumi na dakika 42 jioni. Yaani kolbeki imefika mapema kabla mteja hajalipa?

#11 Mzee wa Kahawa
Haya sasa. Hapo si kazi ya fundi kompyuta tena, hapo panda gari uende Pangani ukatafutiwe mtu.

#12 Fundi Seva
Mzee shikamoo, usimtishe mtoto wa watu. Seva inaenda kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu. 16:42 ya seva ni 19:42 ya ukutani kwako, yaani saa moja na dakika 42, sawasawa na ujumbe wa mteja. Kolbeki ilifika dakika ileile. Cha kukutia wasiwasi ni hiyo 403.

#13 Dada wa Hesabu
Ila msiipuuze hiyo tofauti ya saa tatu. Mimi nafunga hesabu za maduka kadhaa hapa mjini. Ukitoa ripoti ya siku kutoka dukani ikiwa kwa UTC, na ya kampuni ya malipo ikiwa kwa saa zetu, mauzo yote ya kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku yanaangukia jana upande mmoja na leo upande wa pili. Mtu anatafuta hela iliyopotea wiki nzima kumbe haijapotea. Nenda kwenye mipangilio ya WordPress uweke Dar es Salaam.

#14 Pweza Mkavu
403 maana yake seva imeliona ombi ikalikatalia mlangoni. Plagini haikupata hata nafasi ya kulisoma. Mwenye kukataa hapo mara nyingi ni ukuta wa usalama wa hostingi, ModSecurity au mwenzake. Ombi la kolbeki lina sura zote za roboti: halina kuki, halitoki kwenye kivinjari, linatuma data moja kwa moja. Ukuta unalipatia ombi alama za ubaya, zikizidi kiwango unafunga.

Dada wa Hesabu ameuliza kwa nini si zote. Kampuni hizi hutuma kutoka IP (anwani ya kompyuta mtandaoni) zaidi ya moja. IP moja ikishaingia kwenye orodha mbaya, kolbeki zote za kutoka huko zinaanguka, za IP nyingine zinapita. Omba kampuni orodha kamili ya IP zao kwa maandishi, wape hostingi waziruhusu kwa anwani hiyo moja ya kolbeki. Wasizime ukuta mzima. Watakwambia wanauzima kwa sababu ndiyo rahisi kwao.

#15 Kijana wa Kange
Pweza, mimi yangu nimejenga kwa Laravel na kolbeki zote zinapewa 419. Nayo ni ukuta?

#16 Pweza Mkavu
Hapana, 419 ni Laravel yenyewe inadai tokeni ya CSRF, alama ya kuthibitisha kwamba ombi limetoka kwenye tovuti yako, na kampuni ya malipo haiwezi kuwa nayo. Itoe anwani ya kolbeki kwenye ukaguzi huo. Hiyo moja tu, usije ukazitoa zote.

#17 Msambaa Mpole
Salama wandugu. Nauza asali na matunda makavu kutoka Lushoto. Kwangu logi zote zilikuwa 200 na bado oda zinaganda, kwa hiyo msiitazame 200 mkalala usingizi. Plagini tuliyonunua ilikuwa inajibu 200 kwanza, ndipo inakagua. Ikikuta kitu hakilingani inanyamaza kimya. Duka limehifadhi 15000.00, kolbeki inakuja na 15000, yenyewe inalinganisha kama maneno. Kwake hivyo ni vitu viwili.

Kwa wanaouza nje ya nchi nina nyongeza. Kwa kanuni ya ISO 4217, ile orodha ya kimataifa ya fedha, shilingi yetu ina tarakimu mbili za senti, ingawa senti wenyewe tumezisahau. Ya Uganda haina. Kuna malango ya kadi yanayotaka kiasi kiandikwe kwa kipande kidogo kabisa cha fedha. Mzigo wa shilingi 15,000 unautuma kama 1500000. Ukituma 15000 umemtoza mteja shilingi 150, naye hatakupigia simu kulalamika.

#18 Mgosi wa Chumbageni
Hiyo tovuti ya shilingi 150 iko wapi? Naomba kiungo.

#19 Kimanumanu
Wote mmezunguka. Mimi nauza jezi na nimeliona hili kwa macho yangu. Mteja anabonyeza Lipa. Dirisha la PIN linachelewa. Anabonyeza tena. Duka limetuma maombi mawili kwa oda moja, kila moja na namba yake, na plagini inahifadhi namba moja tu, ile ya mwisho. Dirisha la kwanza ndilo linalotokea, mteja analipa hilo. Kolbeki inarudi na namba ya ombi la kwanza, plagini inaitafuta, haioni, inaitupa. Mteja kalipa, hela imeingia, oda imeganda. Na jioni mtandao ukielemewa ndiyo watu wanabonyeza mara mbili mbili.

Dawa yake: kila jaribio la malipo liwe na mstari wake kwenye hifadhidata, jipya lisifute la zamani. Kitufe kizimike kikishabonyezwa. Na kolbeki ileile ikija mara mbili, maana huwa zinarudiwa zisipojibiwa, mzigo usitoke mara mbili.

#20 Mgosi wa Chumbageni
Jezi za timu yako African Sports zinabonyezwa mara mbili mbili? Hapo ndipo nilipoacha kukuamini.

#21 Kimanumanu
Nyie Wagosi wa Kaya, mashabiki wa Coastal, jezi mnakopa kwa rafiki siku ya mechi Mkwakwani, kolbeki mtaijulia wapi.

#22 Pweza Mkavu
Kimanumanu, maelezo yako mazuri ila hayaelezi 403. Ombi lililokataliwa mlangoni halijafika kwenye plagini likatafutiwa namba.

#23 Kimanumanu
Kaleta mistari mitatu tu. Alete ya wiki nzima ndipo tujue.

#24 Dada wa Hesabu
Wakati mnabishana, tuzuie kwanza hizi oda zisijifute, maana hilo ndilo linalomletea matusi. Bi Viungo, ingia WooCommerce, mipangilio ya bidhaa, sehemu ya stoku. Kuna kisanduku cha dakika za kushikilia stoku, kimewekwa 60 kiwandani. Oda ikiwa "Inasubiri malipo" zaidi ya hapo, duka linaifuta ili vikapu virudi sokoni. Kwa hiyo kufutwa kwa oda si hitilafu, ni duka linatii amri. Kiache wazi kisanduku hicho, au plagini iwe inaiweka oda kwenye hali ya kushikiliwa mara tu ombi la PIN linapotumwa. Oda iliyoshikiliwa haifutwi na utaratibu huo.

Na ukishangaa kwa nini nyingine zinafutwa saa moja baadaye na nyingine asubuhi: kazi za ratiba za WordPress zinaamka mtu anapotembelea tovuti. Usiku wageni hakuna, nazo zimelala.

#25 Pweza Mkavu
Sawa, ila ajue na upande wa pili wa hiyo dawa. Oda ikishikiliwa, stoku inapunguzwa. Vikapu vyake vinasukwa kwa mkono, si vya kiwanda. Watu watano wakibonyeza Lipa halafu wakaenda kulala bila kulipa, duka linaandika vimekwisha na mnunuzi wa kweli anageuza njia.

#26 Dada wa Hesabu
Bora kikapu kimoja kikae kabatini kuliko kuitwa tapeli mbele ya wateja wote.

#27 Wakala wa Stendi
Naingilia. Mimi ni wakala, niko karibu na stendi ya Kange. Mna uhakika hao wateja wamelipa? Watu wanatengeneza ujumbe wa malipo kama ulivyo, jina, kiasi, salio, hadi kumbukumbu namba. Mtu anakuonyesha simu kwa haraka, gari linaondoka. Usitoe mzigo kwa ujumbe wa kwenye simu ya mteja hata akilia.

#28 Bi Viungo
Kaka nakuelewa, ila hela naiona kwenye akaunti yangu ya kampuni ya malipo, si kwenye simu yao. Yule mama wa Arusha hela yake ipo, nimempigia nimemwomba radhi, mzigo umepanda basi la asubuhi.

#29 Fundi Seva
Wakala kafungua mlango muhimu. Ujumbe wa kughushi wa simu una ndugu yake kwenye tovuti. Anwani ya kolbeki ikijulikana, na mara nyingi inakisika kirahisi, mtu anaketi kwenye kompyuta yake anaandika ombi lake mwenyewe: oda 1187, hali imelipwa, muamala namba fulani ya kubuni. Plagini isiyokagua sahihi (saini) ya kampuni inampigia saluti na kutoa mzigo. Hapo hakuna hela iliyoingia popote.

Kampuni makini hukupa neno la siri. Kila kolbeki inakuja na sahihi, HMAC ya SHA-256 kwa kawaida, iliyokokotolewa kwa neno hilo juu ya mwili mzima wa ujumbe. Plagini inakokotoa yake, zikilingana inaendelea, zisipolingana inakataa. Kokotoa juu ya mwili mbichi kama ulivyofika. Ukishaufungua na kuupanga upya, nafasi moja tu ikihama sahihi hailingani tena. Na hii nayo inaweza kuwa ndiyo inayotoa 403 yako, dada: labda plagini ndiyo inayokataa, ukuta hauhusiki. Jina la mteja likiwa na alama ya ajabu, tuseme nukta juu ya herufi, sahihi inavurugika kwa oda hiyo tu.

#30 Pweza Mkavu
Fundi, hilo sikulifikiria. Ila angalia saizi ya jibu kwenye logi. Ukuta unarudisha ukurasa mzima wa HTML, plagini ingerudisha maneno mawili matatu.

#31 Jiwe la Pongwe
Nyote mnaongea ufundi, sheria mnaisahau. Kupokea malipo kwenye tovuti yako kunataka leseni ya Benki Kuu. Bi Viungo unayo?

#32 Dada wa Hesabu
Jiwe leo umeamkia wapi? Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inamtaka leseni anayetoa huduma ya malipo, yaani ile kampuni. Muuza iliki ni mteja wao. Yeye anahitaji TIN, leseni yake ya biashara na nyaraka ambazo kampuni itamdai, na mauzo ayatolee risiti kama muuzaji mwingine. Mambo yangebadilika kama angekuwa anakusanya hela za wauzaji wengine na kuwagawia baadaye. Hapo aonane na mwanasheria kabla ya kuonana na fundi.

Sheria inayomgusa zaidi ni ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majina, namba za simu na anwani za wateja ziko mikononi mwake. Na kadi akianza kupokea, namba za kadi zisiguse seva yake kabisa. Mteja apelekwe kwenye ukurasa wa kampuni aandike huko, la sivyo masharti mengi zaidi ya PCI DSS, kanuni za usalama wa kadi, yatamwangukia yeye.

#33 Jiwe la Pongwe
Nimeuliza tu jamani.

#34 Bi Viungo
Wapendwa, nimesoma yote, mengine nimeyasoma na mdogo wangu akinifafanulia. Hostingi wameruhusu zile IP. 403 zimepungua sana. Lakini nimegundua jambo jingine: wanaoganda sasa karibu wote wanatumia mtandao mmoja. Siutaji, nisije nikauharibia jina bure.

#35 Jiwe la Pongwe
Hapa sasa nisikilizeni mimi. Novemba 2024 Tigo ilibadili jina ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Plagini iliyoandikwa kabla ya hapo inaweza kuwa na orodha ya majina ya mitandao imeandikwa kwa mkono ndani ya msimbo. Siku kolbeki ikija na jina jipya, plagini haimjui huyo ni nani. Sisemi mtandao una kosa. Kosa ni la kuandika majina kwa mkono.

#36 Fundi Seva
Jiwe umepona! Hiyo inaingia akilini. Bi Viungo, mdogo wako atafute jina la zamani ndani ya faili za plagini.

#37 Bi Viungo
Kalitafuta, lipo sehemu mbili, moja ni maandishi anayoyaona mteja tu. Ila wapo wateja wa mtandao huohuo ambao oda zao zinapita bila shida. Kama jina ndilo tatizo wangekwama wote.

#38 Kimanumanu
Kubonyeza mara mbili. Nasema tena.

#39 Fundi Seva
Vyovyote itakavyokuwa, duka lisitegemee kolbeki peke yake. Kampuni nyingi zina anwani ya kuulizia hali ya muamala. Weka kazi ya ratiba, ya seva yenyewe na si ile ya WordPress inayosubiri wageni, ichukue oda zote zinazosubiri na kuuliza kila baada ya dakika chache: huyu kalipa? Ikijibiwa ndiyo, oda inasonga. Kolbeki ikipotea, hakuna anayelia.

#40 Pweza Mkavu
Hapo ndipo tunapoachana mkuu. Hiyo ni bandeji. Ukishaiweka hakuna atakayetafuta kidonda, na siku kampuni ikibana idadi ya maswali unayoruhusiwa kuuliza, unarudi ulikotoka. Kolbeki ipone kwanza.

#41 Fundi Seva
Kolbeki haiwezi kupona asilimia mia, umeme unakatika, seva inawashwa upya, cheti cha usalama kinaisha muda usiku wa Jumamosi. Kuuliza hali si bandeji, ni nusu ya kazi yenyewe. Nyaraka nyingi za malipo zinakutaka ufanye yote mawili.

#42 Dada wa Hesabu
Mkikubaliana mniite. Mimi bado asubuhi ningeweka ripoti ya kampuni na ya duka pembeni kwa pembeni nikalinganisha namba za muamala, mstari kwa mstari. Hata mkiwa na kolbeki ya dhahabu.

#43 Mama Mzigo
Samahani nje ya mada kidogo. Bi Viungo hivyo vikapu vya mkonge vikubwa vya sokoni unavyo? Nipo Mbagala. Na mzigo wa basi unafika kwa jina au kwa namba ya simu?

#44 Bi Viungo
Vipo dada, vya rangi na visivyo na rangi. Mzigo unaandikwa jina na namba, ofisi ya basi wanakupigia ukifika. Njoo pembeni nikutumie picha.

#45 Mzee wa Kahawa
Mnaona? Huyu kanunua bila kolbeki.

#46 Mama Mzigo
Bado sijalipa mzee wangu. Na makato ya kutuma nani anabeba, mimi au yeye? Tangu zile tozo za Julai 2021 nimekuwa mwoga wa kulipa kwa simu, nauliza kwanza.

#47 Wakala wa Stendi
Ukilipa kwa dirisha la PIN la dukani si sawa na kumtumia mtu hela. Mara nyingi muuzaji ndiye anakatwa asilimia na kampuni, wewe unaona bei ya kikapu tu. Ila kuna wauzaji wanaijumlisha juu, soma kiasi kabla hujaweka PIN.

#48 Bi Viungo
Kwangu nakatwa mimi.

Wakuu, imetokea tena usiku huu. Oda imeganda, hela ipo, logi ni 200. Mteja nimempigia, anaapa kabonyeza mara moja tu. Na si wa mtandao ule.

#49 Msambaa Mpole
200 na kimya. Hiyo ni ya kwangu. Tazama kama oda hiyo ina punguzo au gharama ya usafirishaji, ulinganishe kiasi kilichoombwa na kilichorudi.

#50 Kimanumanu
Wateja wote huapa.

#51 Fundi Seva
Dada, mwambie mdogo wako awashe uandishi wa logi ndani ya plagini, ahifadhi mwili wa kila kolbeki kabla haijakaguliwa. Ukiipata hiyo ya usiku huu iweke hapa, ila futa kwanza namba ya simu na jina la mteja. Neno la siri usilibandike hata nikikuomba mimi.

#52 Pweza Mkavu
Na saizi ya jibu, tafadhali. Hiyo bado sijaiona.